Kufuli la Nje

Katika ploti yetu, jengo la vyumba vya kupanga pale Pipeline, Nairobi, mtu mzima anayeonekana nyumbani saa nne asubuhi ni mmoja kati ya watatu: mgonjwa, mtu wa zamu ya usiku, au mwizi anayesoma mazingira. Mimi sikuwa hata mmoja wao. Nilikuwa mwandishi wa kujitegemea, kazi ambayo niliwaeleza majirani wa ghorofa ya tano kwa uvumilivu wote niliojaliwa: watu wa ng'ambo wananiagiza makala, naziandika kwa kompyuta, nawatumia. Walinisikiliza kwa heshima, wakaitikia kwa kichwa. Kisha walirudi majumbani mwao wakiwa na hakika kwamba sina kazi, ila nimelelewa vizuri ndiyo maana sitaki kusema hivyo waziwazi.

Alfajiri ngazi zilijaa viatu. Watu wa viwandani, watu wa mjengo, wauzaji wa soko la Gikomba, wote walishuka kwa mkupuo mmoja, na ikifika saa mbili korido yetu ilibaki na watu watatu tu. Mmoja ni mimi. Wa pili ni mama Mwislamu wa mlango wa mwisho, aliyekuwa akileta mizigo ya madira, yale magauni mapana ya wanawake, kutoka Eastleigh na kuyauza ploti hadi ploti, kwa sauti iliyokuwa ikimtangulia ghorofa nzima. Wa tatu alikaa mlango unaotazamana na wangu. Huyu alikuwa mjane wa makamo kutoka kwetu magharibi, na jioni aliuza mboga za kienyeji pale langoni. Siku niliyohamia aliniuliza natoka wapi, akauliza na ukoo wa mama yangu, akahesabu kitu kwenye vidole vyake, akanijulisha kwamba yeye ni shangazi yangu. Tangu siku hiyo nilimwita Senje, kama tunavyowaita shangazi kwetu, na sikuwahi kuona njia ya kukata rufaa.

Senje ndiye aliyeniletea yale maneno matatu. "Si uko tu?" Mgeni wa Nairobi anaweza kudhani ni swali. Ukiulizwa hivyo, tayari umeshapewa kazi, na kinachobaki ni kuambiwa ni kazi gani.

Maji yakija, mitungi ya ghorofa nzima ilikuwa imepangwa mstari mlangoni pangu, kwa sababu si niko tu. Gesi ikiletwa, mletaji alielekezwa kwangu. Mawingu yakikusanyika, nilipanda paani kuanua nguo za mama wa madira, ambaye siku zote alikuwa na nguo nyingi kuliko kamba. Lakini kazi kuu ilikuwa maharagwe. Senje aliteleka sufuria koridoni juu ya jiko la makaa, kisha akabisha.

"Mwanangu, si uko tu? Niangalilie hii maharagwe. Maji ikipungua uongeze, lakini ya moto, si baridi."

Kisha alishuka langoni kupokea mboga zake. Baada ya muda alipanda, akabisha, akauliza kama yameiva. Nikasema bado. Akashuka. Akapanda tena. Na hakukubali nimjibu kupitia dirisha dogo linalotazama korido. Alitaka nifungue mlango kabisa, nitoe uso wangu wote nje, ndipo aulize habari ya maharagwe ambayo yalikuwa pale pale chini ya miguu yake, na ambayo angeweza kuyaangalia mwenyewe kwa kuinua kifuniko. Nilimheshimu, lakini moyoni nilikuwa nikimsonya. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na buyu langu lilikuwa limechovywa na ghorofa nzima.

Wakati huo mimi mwenyewe nilikuwa sisemeki. Niliandika makala kuhusu chakula cha mbwa wanaoishi vizuri kuliko mimi. Niliandika kuhusu magodoro, kuhusu rangi za kuta, kuhusu namna ya kumchagulia mke zawadi, na mke sina. Nilifanya hayo yote nikiwa nimekaa kitandani, kompyuta juu ya kreti ya mkate, kwa sababu chumba kilikuwa kimoja na hakikutaka kusikia habari ya meza. Mwanzoni niliipenda kazi ile kupita kiasi. Kisha nikaanza kuamka nimechoka. Kisha nikaacha kucheka mambo ya kuchekesha. Siku moja mteja aliniagiza makala fupi, nyepesi, ya furaha, kuhusu mswaki. Niliandika sentensi ya kwanza, nikaisoma, nikalia. Mtu mzima, ndevu zake, analilia mswaki. Hapo niliogopa.

Mama yangu kule kijijini alikuwa akifuatilia mambo haya kwa simu. Hakuniuliza naendeleaje. Aliniuliza kazi ya kweli nitaanza lini. Mjomba alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, alitaka mtu anayejua kuandika, ambaye angeandika risiti za misumari na mabati. Nilimwomba mama anipe nafasi moja ya mwisho. Kulikuwa na kampuni ya ng'ambo inayouza viti vya ofisi, na ilikuwa imeniagiza niwaandikie mwongozo kwa watu wanaofanyia kazi nyumbani. Wakiupenda, ningekuwa mwandishi wao wa kila mwezi. Wakiukataa, ningerudi nyumbani nikaandike misumari. Mama alikubali haraka mno, kama mtu aliyeshaona mwisho wa mchezo.

Mada ya mwongozo wenyewe ilikuwa hii: jinsi ya kuepuka uchovu wa moyo unapofanya kazi peke yako nyumbani. Nilicheka kidogo. Kilikuwa kicheko changu cha kwanza kwa muda mrefu, na hakikuwa kizuri.

Kwa kuwa sikujua lolote kuhusu kuepuka uchovu ule, nilisoma walivyoandika wengine, nikaamua kuyajaribu mawaidha yao mwilini mwangu. Walisema weka mmea dirishani. Dirisha langu la nje linatazamana na dirisha la ploti ya pili, karibu hivi kwamba jirani wa kule akipiga chafya namwambia pole bila kuinua sauti. Mmea ulijinyoosha kulitafuta jua, ukainama huku, ukainama kule, ukafa umeelekea upande wa balbu. Walisema tembea msituni. Nilipanda paani, nikatembea katikati ya suruali na mashuka yaliyoanikwa, na nikarudi chini na madira ya mtu, maana mama wa madira aliniona napanda. Walisema tenga chumba cha kazi na chumba cha kulala. Huyo aliyeandika hilo sikutaka hata kumsoma zaidi.

Lakini shauri moja lilinikaa. Walisema: vaa kana kwamba unaenda ofisini, toka nyumbani, zunguka, kisha rudi uanze kazi. Asubuhi iliyofuata nilivaa shati lililopigwa pasi na tai, nikabeba mkoba, nikashuka ngazi pamoja na watu wa viwandani. Nilimsalimia kila mtu kwa sauti ya mtu mwenye kazi. Langoni Senje aliniona, akasimama, akaweka mkono kifuani. Aliniuliza kama nimepata. Nikasema ndiyo, nimepata. Akamshukuru Mungu hapo hapo, mbele ya watu, nami nikaendelea mbele kwa aibu hadi kwenye kona, nikazunguka ploti, nikarudi.

"Umesahau nini?" akaniuliza.

Nikasema nimesahau kalamu. Kesho yake nilisahau simu. Siku iliyofuata, kabla sijasema neno, Senje alishaanza kuwaeleza watu pale langoni kwamba kijana wetu ana kazi nzuri, ila kichwa kimechoka. Na kwa kuwa nimerudi, na maharagwe yako jikoni, si niko tu.

Ndipo nilipoiona dawa, na ilikuwa mbele ya macho yangu kila siku. Milango ya ploti yetu ni ya chuma. Ndani ina komeo, nje ina pete za kufuli. Mlango wenye kufuli nje ni mlango usio na mtu, na hakuna mtu wa Pipeline anayepoteza nguvu zake kubisha mlango wenye kufuli. Hata watoto wanajua. Hata wahubiri wa nyumba kwa nyumba wanaupita. Nikaona kwamba mtu akifungiwa ndani kwa kufuli la nje, atakuwa ameondoka duniani bila kufa.

Nilimwendea mtunza ploti, kijana mcheshi anayekaa chini karibu na tangi la maji. Nilimweleza kwamba asubuhi nitatoka nimevaa, nitazunguka nyuma, na Senje akiwa anapokea mboga nitapanda haraka. Yeye atanifuata, anifungie kwa nje, akae na ufunguo, na jioni aje anifungulie kabla watu hawajarudi.

"Buda," akasema, "unataka nikulock kama kuku?"

Nikamwambia kuku hutaga mayai akitulia. Akauliza itakuwaje kukitokea kitu na yeye hayupo. Nikamjibu kwamba tangu nihamie sijawahi kumtafuta nikamkosa. Alifikiria, akasema maisha ya laptop iko na mambo, akachukua ufunguo. Ulikuwa mmoja tu, mwenzake ulipotea nilipokuwa nahama. Jambo hilo sikuliona kuwa na uzito wowote.

Siku ya kwanza ilikuwa peponi. Nilisikia hatua za Senje zikija, zikasimama, zikaondoka. Hakuna mtungi, hakuna gesi, hakuna madira. Nilikaa na tai yangu na kaptura, kwa kuwa suruali nilishaivua, nikaandika mpaka vidole vikauma.

Kisha nikagundua masharti ya pepo. Mtu asiyekuwepo hakohoi. Mtu asiyekuwepo hakaangi vitunguu, kwa hiyo nilikula mkate na ndizi. Chafya nilizipiga ndani ya mto. Maji ya choo niliyavuta tu mama wa madira alipokuwa akiita wateja. Bibi mmoja wa kampuni ya viti, aliyesimamia mwongozo wangu, aliponipigia simu ya video, niliongea naye kwa kunong'ona chini ya blanketi, naye akaniuliza kwa upole kama kuna mtu amelala. Nikamwambia ndiyo, ghorofa nzima. Alisema anaheshimu sana utamaduni wetu.

Nilichokuwa nimeandika siku ile ya kwanza nilikisoma tena, nikakuta ni yale yale niliyosoma kwa wengine, nimeyapanga upya tu. Nikafuta. Niliandika, "Tenga muda wa kuwa peke yako." Nikafuta hiyo pia, maana muda huo nilikuwa nao mpaka unanimwagikia. Makataa yalikuwa yanakaribia na ukurasa ulikuwa mweupe. Uchovu haukuwa umetoka. Ulikuwa umepata mahali pa kukaa. Siku moja nilisikia mitungi ikiburutwa koridoni, na nikajikuta nimesimama nyuma ya mlango, tayari, mikono imenyooka. Hakuna aliyeniita. Na kila asubuhi, Senje alipopita, alilishika lile kufuli kidogo, likagonga chuma mara moja, akaenda zake. Sikuelewa alikuwa akitafuta nini. Nilianza kuungoja ule mlio, na nilijichukia kwa kuungoja.

Siku ya makataa ilifika. Ilikuwa nitume mwongozo kabla ya usiku, na sikuwa na hata aya moja yenye uhai. Mtunza ploti alinifungia kama kawaida. Baadaye nilimsikia akimwambia mtu chini kwamba mwenye ploti amemtuma mjini kutafuta kifaa cha pampu ya maji. Nilimpigia. Simu yake ilikuwa imezimwa. Nikajiambia atarudi mapema.

Alasiri Senje na mama wa madira waliketi koridoni. Waliketi mlangoni pangu hasa, kwa sababu hapo ndipo taa ya korido inapofika vizuri, na Senje alikuwa na gunia la mrenda, ile mboga yenye utelezi, la kuchambua kabla ya jioni. Nilisikia sufuria ikitelekwa. Nilisikia majani yakikatwa kutoka kwenye vijiti, tap, tap, tap. Kisha wakaanza kunisema.

Mama wa madira alianza. Alisema tangu nipate kazi nguo zake zimenyeshewa mara mbili, na kwamba kazi yenyewe hainifai, maana aliniona ngazini asubuhi na shati lilikuwa limebaki na mifupa tu. Senje alikata kijiti kingine. Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka huwa naweka chini nilichoshika.

"Mimi sikuwa na haja na mtu wa kuangalia maharagwe," akasema. "Maharagwe inajiangalia. Nani amewahi kuona maharagwe imetoroka?"

Mwenzake akamuuliza sasa alikuwa akinisumbua kwa nini.

"Nilikuwa nataka afungue mlango. Unakumbuka ule kijana wa ploti ya nyuma? Si yeye pia alikuwa na kompyuta. Alikaa ndani, akakaa ndani, watu wakasema ako bize, mpaka harufu ndiyo ilibisha mlango. Nikasema huyu wa kwetu, siku haitaisha kabla sijaona macho yake. Sasa amepata kazi, nashukuru Mungu. Lakini asubuhi nikipita bado nashika kufuli yake. Mkono imezoea."

Mama wa madira akasema Senje ana moyo mzuri. Yeye mwenyewe, akaongeza, alikuwa akinituma paani kwa sababu ya magoti.

Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili wa chuma, karibu nao kuliko urefu wa mkono. Nililia tena, lakini huku si kulia kwa mswaki. Kuna mtu alikuwa akinihesabu kila siku, mara tatu, na mimi nilikuwa nikimsonya. Nilivuta komeo bila kufikiri, nikausukuma mlango nitoke nimwambie. Mlango ulisogea upana wa unyasi ukasimama. Kufuli halikujua kwamba nimebadilisha nia.

Kabla wao hawajageuka, radi ilipiga. Mvua ilianguka juu ya Pipeline kama kokoto juu ya mabati, na wote wawili wakainuka wakakimbilia paani kuanua nguo. Nikabaki na maharagwe. Tulikuwa wawili tu koridoni, ila mmoja wetu alikuwa gerezani.

Muda ulipita. Halafu nikaisikia ile harufu. Kwanza ni tamu kidogo, halafu inakuwa chungu. Mtu aliyeangalia maharagwe ya watu kwa muda nilioyaangalia mimi hahitaji kuelezwa. Maji yalikuwa yamekwisha. Nikiita, siri yangu imekwisha pia, na tai yangu, na mkoba wangu, na ile sala ya shukrani aliyoisali langoni mbele ya watu. Nikinyamaza, chakula cha Senje kinaungua mlangoni pangu nami nikinusa. Sikukaa kufikiri sana. Niliupiga mlango kwa ngumi mbili nikapaza sauti mpaka koo likaniuma: Senje, maharagwe, Senje, maharagwe inaungua.

Nilisikia miguu ikishuka ngazi mbio, kisha ikasimama ghafla. Nikaita tena. Nadhani sasa unaweza kuona walichokiona: korido tupu, mlango wenye kufuli nje, na sauti ya mtu aliyeko kazini inatoka ndani ikiuliza habari ya maharagwe. Mama wa madira alianza kusoma dua kwa haraka. Senje alisonga mbele na kuliamuru pepo lishindwe kwa jina la Yesu. Wanawake hawa wawili hubishana juu ya dini kila wiki, lakini siku ile walinikemea bega kwa bega, zamu kwa zamu, bila hata mmoja kumkatiza mwenzake.

Nikasema ni mimi. Senje akasema yule yuko kazini. Nikasema niko hapa. Moshi ulizidi. Kisha Senje akasogea karibu na mlango, akauliza kwa sauti ya mtu anayesali na kusaili kwa pamoja.

"Kama ni wewe, maharagwe yangu huongezwa maji gani?"

"Ya moto, Senje. Na magadi kidogo. Na sasa hivi yanaungua chini."

"Ni yeye," Senje akamwambia mwenzake, na akakimbilia sufuria.

Alipomaliza kuyaokoa aliniamuru nifungue pazia la dirisha dogo. Nikafungua. Nilikuwa nimesimama nyuma ya nondo za dirisha, shati jeupe, tai, kaptura, na kipande cha mkate mkononi ambacho sijui nilikishika saa ngapi. Mama wa madira alicheka mpaka akakaa juu ya rundo la nguo zilizolowa, na alipojaribu kusimama aliniona tena, akakaa. Senje hakucheka.

"Nani amekufungia?"

"Nilimwomba mtunza ploti anifungie."

"Kwa sababu yangu?"

Lilikuwa swali dogo, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie nilitamani liwe "si uko tu". Nikamwambia ni kwa sababu ya kazi. Nilimwambia kazi ni ile ile ya kompyuta, kwamba sikuwa nimepata nyingine, kwamba nilikuwa nimechoka mpaka nikaogopa, na nilidhani nikikaa peke yangu nitapona.

"Na sasa umepona?"

"Sijapona, Senje."

Aliniangalia kwa muda, macho kwa macho, kama alivyokuwa akifanya siku zote na mimi nikidhani anaulizia maharagwe. Kisha akainama, akachukua fungu kubwa la mrenda, akalipitisha katikati ya nondo, kijiti kwa kijiti, mpaka mikono yangu ikajaa.

"Basi si uko tu," akasema. "Chambua."

Nilivuta kreti ya mkate hadi dirishani, nikakaa, nikachambua. Wao walikuwa koridoni, mimi ndani, nondo katikati. Walinisimulia yote niliyoyakosa nikiwa kazini. Mama wa ghorofa ya tatu alikuwa amepata mapacha. Mtu alikuwa amepandisha kochi mpaka ghorofa ya nne na likakataa kuingia mlangoni, na bado liko pale ngazini, watu wanapumzikia. Mama wa madira aliniigiza nikisahau kalamu. Nilicheka. Nilicheka kwa sauti, tumbo likauma, na katikati ya kicheko nikajua cha kuandika. Nikaichukua kompyuta nikaiweka mapajani, juu ya majani, nikaanza. Senje aliniuliza kama hiyo ndiyo kazi yenyewe. Nikasema ndiyo. Akasema niendelee, ila nisiache vijiti vikubwa.

Magharibi mtunza ploti alirudi na kifaa cha pampu. Alikuta wanawake wawili wameketi mbele ya dirisha la nondo, na ndani mtu wa tai anachambua mboga. Alisimama akaniuliza kama hatukukubaliana kwamba ni siri. Senje alinyoosha mkono bila kumtazama. Ufunguo ulipotua kiganjani, alifungua mlango, akalitoa kufuli, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la leso yake. Uko kwake mpaka leo. Nikisafiri naenda kuuomba.

Mwongozo niliutuma jioni ile ile, bado mikono inateleza kwa mrenda. Shauri la kwanza lilisema: tafuta mtu atakayekusumbua. Yaliyofuata yalihusu mlango, sufuria, na umuhimu wa kutoa uso wako wote nje angalau mara tatu kwa siku. Bibi wa kampuni alijibu kwamba wameupenda sana, ila wasomaji wao hawana maharagwe ya jirani, na tena hakuna mahali popote nilipotaja kiti. Nikaongeza sentensi moja: kiti chako kiweke karibu na mlango. Wakanichukua. Mama yangu alipoambiwa aliuliza mjomba sasa atamwambia nini. Kisha akauliza kama nimekula, swali ambalo alikuwa hajaniuliza mwaka mzima.

Siku hizi naandika asubuhi na mlango umeachwa wazi kidogo. Sisemi sichoki. Mitungi bado ni mizito, na magoti ya mama wa madira hayajapona wala hayana mpango. Tulikubaliana na Senje kwamba kabla ya saa tano asinibishie, naye anaheshimu hilo kwa kubisha polepole.

Juzi alibisha. Nikafungua, nikatoa uso wote. Akaniangalia, akaridhika.

"Mwanangu, si uko tu? Niangalilie hii maharagwe."

"Niko, Senje."

Akashuka zake langoni. Nikakaa kando ya jiko, nikainua kifuniko. Maharagwe yalikuwa yameiva kitambo, laini, hayahitaji kitu. Nikarudi ndani nikachemsha maji, nikaongeza kidogo, ili akipanda kuuliza nimwambie bado.